Chai Hukatwa Mwezi Gani?

Twawasalimu ninyi mlio nyumbani, ninyi akina mama mlio jikoni mkingojea maji yachemke, na ninyi mliosimama kwenye kituo cha kununulia majani mkilingojea lori ambalo labda limekwama matopeni. Leo tutazungumza juu ya mchai wenyewe, si ule wa kikombe bali ule wa shambani. Katika mwezi mmoja watu watatu wa hapa Magwagwa wametuuliza swali lile lile: chai ipogolewe lini? Wawili walituuliza baada ya ibada, wa tatu alitusimamisha njiani huku ameshika kisu tayari. Huyo tulimwomba akirudishe kisu nyumbani kwanza, tukamwahidi kwamba tutamjibu redioni.

Huenda mtu akauliza, mchungaji ana haki gani ya kufundisha habari za shamba wakati mabwana shamba wapo? Haki yetu ni ya mtu aliyekosa na kuona matokeo ya kosa lake.

Kanisa letu lina shamba dogo la chai, mistari ishirini na miwili, kwenye mteremko unaoelekea mto Sondu. Mapato yake husaidia kulipa karo ya watoto wachache wasio na wazazi. Mwaka mmoja, wiki ya kwanza ya Januari, tuliona vijana wengi wangali nyumbani baada ya Krismasi, shule hazijafunguliwa. Tukasema, mikono ni mingi, kazi ni nyepesi, tulikate shamba lote kwa siku mbili. Magokoro mmoja aliyekuwa akipita na mzigo wa kuni alisimama ukingoni akatutazama. Akasema, “Pasta, mwanangu, mbona mnaivua nguo wakati wa jua?” Tukamjibu kwa mzaha kwamba kisu hakijui mwezi. Vijana wakacheka. Yeye hakucheka, akajitwika kuni zake akaenda.

Mwezi wa Februari haukuwa na tone la mvua. Matawi yaliyozoea kivuli cha majani yao yakaachwa uchi mbele ya jua la mchana, gome likageuka rangi ya kutu, likapasuka. Mvua ilipofika mwishoni mwa Machi, mashamba ya jirani yalikuwa kijani. Letu lilichipua hapa na pale kama ndevu za mzee. Mistari saba haikuchipua kabisa. Muhula wa pili watoto wawili walirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, na tulipowaona wakishuka njia ile wamebeba masanduku yao, hatukuwa na mtu wa kumlaumu ila sisi wenyewe. Basi tukaenda kwa wanaojua, tukauliza, tukasoma. Haya tunayowaambia leo tuliyapata hivyo, kwa kuchelewa.

Kwanza tuelewe kwa nini mchai hukatwa. Mchai ukiachwa peke yake si kichaka, ni mti. Chai ya kwanza nchini Kenya ilipandwa Limuru mwaka 1903 kwa mbegu zilizotoka Bara Hindi, na mchai wa zamani ulioachwa bila kisu hurefuka hata mtu akisimama chini yake atazame juu kama anayetazama mti wa kivuli. Hapo hakuna wa kuchuma majani mawili na kichipukizi. Kila juma tunapochuma, meza ya shamba hupanda kidogo tu, hata hatuoni. Baada ya miaka mitatu au minne mama mchumaji anainua viwiko hadi mabegani, kikapu kinamwangukia mgongoni, na jioni mikono inamuuma. Tena mchai wenyewe umechoka. Vichipukizi vingi vinalala, havitoi jani jipya, na majani yanakuwa madogo na magumu. Ukiona hayo, jua kwamba mwaka wa kukata umefika. Kwa wakulima wengi wa hapa ni kila mwaka wa tatu au wa nne. Nyanda za juu zaidi, penye baridi, huweza kuchukua muda mrefu zaidi kwa sababu chai hukua polepole.

Sasa mwezi. Hili ndilo tuliloulizwa, na jibu lake haliko kwenye matawi. Liko chini ya udongo.

Mchai una ghala. Majani hutengeneza chakula kwa nguvu ya jua, na chakula kisichotumika huteremka kwenye mizizi kikawekwa huko kama wanga, vile vile kama tunavyojaza mahindi ghalani. Siku unapoukata mchai unauondolea majani yote, yaani jiko lake lote. Toka siku ile hadi majani mapya yakomae, mchai haupiki. Unakula akiba tu. Ghala likiwa limejaa, utachipua kwa nguvu. Ghala likiwa tupu, utatoa vichipukizi viwili vitatu vyembamba, kisha utakufa, na mwenye shamba atasema ni ugonjwa.

Watu wa utafiti wa chai wana njia rahisi ya kulichungulia ghala hilo. Huchimbua mzizi wenye unene wa kalamu ya risasi, huukata, na kudondoshea pale penye mkato tone la ayodini, ile dawa ya kidonda yenye rangi ya hudhurungi. Mahali penye wanga hugeuka buluu iliyokolea karibu na weusi. Mzizi ukibaki na rangi ya dawa yenyewe tu, ya manjano manjano, mchai huo una njaa, usiukate. Upumzishe, usiuchume kwa wiki kadhaa, majani yafanye kazi yake, kisha upime tena. Tulifanya jambo hili mbele ya darasa la kipaimara, na tunakiri kwamba watoto wale walilikumbuka kuliko mafundisho yetu mengine ya mwaka ule.

Basi ni mwezi gani ambapo ghala limejaa, jua si kali, na udongo una maji? Hapa kwetu ni baada ya mvua kubwa za Machi, Aprili na Mei, yaani Juni hadi Agosti. Siku hizo mawingu hutanda, asubuhi ni baridi, chai hukua polepole. Kwa kuwa majani ni machache hata hivyo, hasara ya kutochuma ni ndogo. Udongo bado unyevu. Kisha mvua za Septemba hadi Novemba huyakuta machipukizi yakiwa tayari kuzinywa, na kabla jua la Desemba na Januari halijafika, mchai umeshajifunika tena. Yule aliyekata Januari, kama sisi, amelipanga jambo kinyume: amefungua ghala wakati wa njaa.

Lakini tusiifanye kalenda kuwa mungu mdogo. Miaka hii mvua haifuati tarehe kama zamani. Kuna miaka ya masika hafifu na Juni kavu. Chimba kwa mkono kina cha kiganja chini ya mchai. Udongo ukikamatana ukiufinyanga, kata. Ukimwagika kama unga, ngoja, hata kama jirani ameanza.

Namna ya kukata ni fundi wa shamba anayepaswa kukuonyesha kwa vitendo, lakini tutaje machache. Kisu cha kupogolea kiwe kikali. Panga hupasua tawi, na mpasuko ni mlango wa maji na maradhi. Kata mshazari kwa pigo moja, mkato uwe laini. Uso wa mchai ufuate mteremko wa ardhi; kwenye vilima vyetu wengine hujaribu kuusawazisha kama meza ya sebuleni, na matokeo yake upande mmoja hukatwa mno. Kila mara kata kama inchi mbili juu ya mkato wa mara iliyopita, maana kukata pale pale kila mwaka hutengeneza vifundo. Baada ya mizunguko kadhaa kiunzi kikiwa kimepanda sana, ndipo hushushwa tena chini kwa mkato mzito, na kazi hiyo huhitaji uangalifu zaidi kuliko yote kwa kuwa ndiyo inayolila ghala zaidi. Wakulima wa Sri Lanka wana desturi nzuri kwa michai dhaifu: huacha tawi moja au mawili ya pembeni na majani yake, ili mchai uendelee kupumua mpaka machipukizi yatokee. Matawi hayo huyaita mapafu.

Na yale matawi yaliyokatwa? Akina mama, tunajua kuni ni shida. Hata hivyo tunawasihi myaache shambani. Yatandazwe juu ya michai ili kuyakinga matawi na jua, kisha machipukizi yakianza yashushwe kati ya mistari yaoze hapo hapo. Rutuba mliyoinunua kwa mfuko wa mbolea mwaka jana imo ndani ya majani yale. Kuyabeba kwenda jikoni ni kuchoma mbolea iliyokwisha kulipiwa.

Miezi miwili au mitatu baadaye machipukizi huwa yamerefuka. Hayo hayachumwi ovyo. Husawazishwa kwa kipimo, kama inchi nne juu ya mkato, ili meza mpya itengenezwe. Wengi huharibu hapa. Mtu amevumilia siku zote, kisha anaona majani mabichi mazuri, njaa inamshinda, anaingia na kikapu. Mchai uliochumwa kabla ya kujifunika utakuwa mwembamba mpaka mkato ujao.

Tumefika kwenye jambo zito, nalo ndilo linalowafanya watu wengi wasikate kabisa au wakate mwezi usiofaa. Ni fedha. Chai iliyokatwa haileti kilo hata moja kwa miezi mitatu au zaidi. Mtu ana michai mia tano tu, ana watoto watatu shuleni, na malipo ya kila mwezi ndiyo chumvi na sabuni yake. Tukimwambia akate yote Julai, tunamwambia nyumba yake ifunge. Hatulaumu mtu anayeogopa hivyo. Mjane mmoja alituambia, “Baba, chai yangu nikiikata, ni mimi ninayekatwa.” Tulinyamaza, maana alisema kweli.

Njia iliyoko ni kugawa. Ikiwa chai yako inakatwa kila mwaka wa nne, ligawe shamba mafungu manne, na kila Julai ukate fungu moja. Hivyo kila mwaka robo moja imepumzika na robo tatu zinachumwa, na hakuna mwaka wa njaa kuu. Kama zote zimechelewa, anza na robo iliyochoka zaidi lakini yenye mizizi yenye afya. Weka alama kwa vijiti, andika mwaka kwenye daftari, kwa sababu baada ya miaka mitatu hutakumbuka ulikata wapi. Na angalia tena hesabu ya miezi. Viwanda vyetu vya hapa Nyamira, Sanganyi, Nyansiongo, Kebirigo, Tombe na vinginevyo, hufunga mwaka wa hesabu mwisho wa Juni, na bonasi ya majani ya mwaka huo hutoka miezi michache baadaye. Anayekata Julai hukutwa na bonasi katikati ya kipindi ambacho fungu lake lililokatwa halitoi kitu. Anayekata Januari hana cha kumshika mkono. Ila, ndugu wanaume, tuseme wazi: bonasi hiyo itawashika mkono watoto wenu tu ikiwa itafika nyumbani. Ikiishia njiani, msiulaumu mchai.

Hapo ndipo tulipokumbuka mafundisho ya chuo cha theolojia. Katika Injili ya Yohana, sura ya kumi na tano, Bwana Yesu alisema habari za mzabibu na mkulima. Tulizoea kuhubiri kwamba kisu ni adhabu. Lakini someni tena kwa jicho la mkulima: tawi lisilozaa huondolewa, lakini tawi linalozaa ndilo hupogolewa. Katika Kiyunani neno la kupogoa na neno la kusafisha ni ndugu wa tumbo moja, na ndiyo maana Biblia yetu ya Kiswahili ilichagua kusema kusafisha. Watu wa nchi ile walilijua jambo hili mwilini mwao. Mwaka 1908 kulichimbuliwa huko Gezeri, nchi ya Palestina, kipande kidogo cha jiwe la chokaa chenye umri wa karibu miaka elfu tatu, kilichoorodhesha miezi ya mwaka kwa kazi zake: miezi ya kupanda, ya kuvuna shayiri, na miezi miwili ya kupogoa mizabibu. Wafalme hawakutajwa. Na Sheria ya Musa katika Mambo ya Walawi iliweka mwaka wa saba kuwa mwaka ambao kisu chenyewe kilipaswa kupumzika. Mkulima mwema hapimwi kwa kisu chake tu. Hupimwa pia kwa siku anazokiacha ukutani.

Tuendelee na miti mingine kwa ufupi, kwa maana si wote wenye chai.

Kahawa haifuati mwezi wa chai. Kahawa huzaa kwenye matawi yaliyokua msimu uliopita, kwa hiyo ukikata ikiwa imebeba, umekata mavuno yako mwenyewe. Ipogolewe mara baada ya mavuno makuu kwisha, kabla ya mvua kubwa na maua kuanza. Machipukizi ya shinani yaondolewe mara kwa mara mwaka mzima yangali laini, kwa mkono, isipokuwa yale machache yaliyochaguliwa kurithi nafasi ya shina lililozeeka.

Maparachichi, ambayo siku hizi yanapandwa sana, hukatwa baada ya kuvunwa, nayo hukatwa kwa kiasi. Gome la mparachichi huungua vibaya likifunuliwa ghafla. Matawi makubwa yaliyoachwa wazi yapakwe chokaa nyeupe. Michongoma na ua wa nyumba hukatwa wakati wa mvua, kila mara kidogo kidogo. Maua yanayochanua kwenye tawi la zamani yakatwe baada ya kuchanua, si kabla. Kamati ya mapambo ya kanisa inajua tunazungumza na nani.

Liko jambo moja kuhusu miti mikubwa ambalo ni kinyume kabisa cha chai, nalo hutufurahisha kila tunapolieleza. Mtu anayetaka kung'oa mti wa kivuli au wa msitu ili apande chai asiukate ghafla. Mizizi yake iliyojaa wanga itabaki ardhini na kuwa karamu ya ukungu unaoozesha mizizi, ambao wataalamu huuita Armillaria. Ukungu huo ukishiba hapo hutambaa hadi kwenye michai na kuiua mmoja mmoja kwa mduara, hata miaka mingi baadaye. Kwa hiyo kwanza mti huvuliwa gome kuzunguka shina, ukaachwa umesimama. Majani hayawezi tena kuteremsha chakula, mizizi inamaliza akiba yake, mti unakauka polepole, kisha ndipo unakatwa na visiki kung'olewa. Mchai ukate ghala likiwa limejaa. Mti usioutaka ukate ghala likiwa tupu. Kwa hiyo wazee waliovua magome ya miti na kuiacha imesimama hawakuwa wavivu, kama baadhi yetu tulivyodhani.

Tumalizie shamba la kanisa. Mistari saba iliyokufa tuliing'oa, tukachoma visiki, na mwaka uliofuata tukapanda miche mipya kwa mvua ya Aprili. Iliyobaki tuliipumzisha, tukaigawa mafungu manne kwa vijiti vilivyopakwa rangi, na daftari linakaa katika ofisi ya kanisa pamoja na vitabu vya ubatizo na ndoa. Julai iliyofuata tulikata fungu la kwanza. Kabla ya kuanza tulimtuma kijana akamwite yule magokoro. Alikuja na fimbo yake, akainama, akachukua udongo, akaufinyanga kwa vidole, akanusa. Kisha akatuomba kisu tulichokishika, akakijaribu ubapa wake kwa kidole gumba, na akaturudishia akisema kwamba mwezi ni mzuri lakini kisu ni butu, twende tukakinoe kwanza.